Lulimba: Mtoto si mtu mzima mfupi, kila umri una darasa lake

Lulimba, katika sekta ya Ngandja, eneo la Fizi, ni mahali ambapo watu wengi wamefika kwa miguu, mama na furushi kichwani, baba na godoro mgongoni, watoto nyuma na bidoni mkononi. Vita vinapoanza tena milimani au upande wa Kabambare, familia huteremka na kuomba nafasi kwa ndugu, kwa rafiki, au kwa mtu wasiyemjua lakini mwenye huruma. Watu wazima huulizwa walikotoka na waliyoyaacha. Mtoto huulizwa jambo moja tu: "Ulikuwa darasa la ngapi?"

Akijibu la tatu, anapelekwa la tatu. Akikosa jibu, anapelekwa la kwanza, hata kama ana miaka 13 na sauti imeshaanza kuwa nzito. Siku chache baadaye haonekani tena shuleni. Watu wanasema mtoto huyo hapendi masomo.

Swali la darasa si baya, lakini halitoshi. Mtoto ana umri. Ana mwili unaokua na akili inayopanda ngazi moja baada ya nyingine, na mtoto wa wahami ana pia yale aliyoyaona njiani. Elimu inayomweka mtoto mbele huanza hapo: mwalimu na mzazi humjua kwanza mtoto, kisha humpa somo linalomfaa. Mara nyingi hufanyika kinyume. Programu inakuja kwanza, fimbo inafuata, na mtoto ndiye anayelazimishwa kuingia ndani yake kama mguu katika kiatu kidogo.

Wazo la kugawa utoto kwa miaka si geni. Mwalimu mmoja wa zamani, Comenius, aliyezaliwa mwaka 1592 katika nchi ambayo leo ni Cheki, aligawa makuzi katika vipindi vinne vya miaka 6: kuanzia kuzaliwa hadi 6 mtoto afundishwe na mama, 6 hadi 12 asome katika lugha yake, 12 hadi 18 aingie masomo ya juu zaidi, na 18 hadi 24 aende chuo kikuu. Comenius mwenyewe alikuwa mhami. Vita vya dini vilimfukuza kwao mwaka 1628 na hakurudi kuishi huko tena. Mtu huyo aliyepoteza makao ndiye aliyetoa mwaka 1658 kitabu cha watoto chenye picha, ili mtoto aone kitu pamoja na neno lake.

Kwa wazee wa Fizi pia jambo hili halikuwa geni. Mtoto mchanga alikuwa wa mgongoni. Aliyeanza kukimbia alitumwa vitu vidogo. Wavulana walikuwa na wakati wao wa tohara na mafundisho yake, wasichana walikuwa na mafundisho ya shangazi na bibi, na jioni penye moto kila rika lilikuwa na hadithi zake. Hakuna aliyempa mtoto wa miaka 5 jembe la baba yake. Vita vya mwaka 1996 na vile vya 1998 vilivunja mengi ya hayo. Aliyekuwa na miaka 7 mwaka 1996 leo ni mzazi, na huenda miaka yake ya kucheza aliipitisha akivuka ziwa Tanganyika kwenda Kigoma, kisha kambi ya Nyarugusu. Mzazi wa namna hiyo hana ubaya akimwambia mtoto, "Acha kucheza, wewe ni mtu mkubwa." Ndivyo na yeye alivyoambiwa.

Tuanze na wadogo, kuanzia kuzaliwa hadi karibu miaka 6. Katika umri huu mtoto hujifunza kwa mikono, mdomo, macho na miguu. Anashika udongo, anamwaga maji, anarudia neno moja mara ishirini. Mtu mzima anaona fujo, lakini mtoto yuko kazini. Anahitaji mtu mmoja wa kumtegemea, anayemjibu anapolia na kuongea naye mchana kutwa, hata wakati wa kutwanga muhogo au kuchambua sombe. Maneno anayoyasikia sasa ndiyo atakayoyatumia kusoma baadaye.

Mtoto wa umri huu akiwa amekimbia vita, haelezi woga wake kwa maneno. Anauonyesha. Aliyekuwa ameacha kukojoa kitandani anaanza tena. Aliyekuwa anaongea vizuri ananyamaza, au anashika kitenge cha mama na kukataa kukiacha. Wengine hucheza mchezo wa kukimbia na kujificha, siku baada ya siku. Kumpiga kwa sababu ya kukojoa hakumponyi, kunamwongezea woga wa pili. Kinachosaidia ni siku zinazofanana: kula saa ileile, kulala mahali palepale, mtu yuleyule karibu, na ruhusa ya kucheza. Hayo hayanunuliwi kwa franga, na hata familia inayolala kwenye nyumba ya kupangishwa inaweza kuyajaribu.

Kundi la pili ni la miaka 6 hadi 12, watoto wa shule ya msingi. Mtaalamu wa Uswisi Jean Piaget, aliyefariki mwaka 1980, alitumia miaka mingi kuwauliza watoto maswali na kusikiliza hata majibu yao yenye makosa. Aliona kwamba kuanzia karibu miaka 7 mtoto anaanza kufikiri kwa mpangilio mzuri, lakini juu ya vitu anavyoweza kuviona na kuvishika. Maneno matupu bado hayamwingii. Ukimwandikia ubaoni 12 gawanya kwa 3, anaweza kuimba jibu bila kulielewa. Ukimpa mawe 12 na wenzake watatu, atayagawa mwenyewe na hatasahau. Mawe yapo Lulimba. Vifuniko vya chupa vipo, punje za mahindi na vijiti vipo. Kipimo cha unga sokoni ni somo la hesabu, na njia ya kutoka kisimani hadi nyumbani ni somo la jiografia.

Katika umri huu lugha ni jambo kubwa. Sheria ya elimu ya Kongo ya mwezi wa pili mwaka 2014 inakubali lugha za taifa na lugha za mahali zitumike katika kufundisha. Mtoto wa Lulimba anafikiri kwa Kiswahili au kwa lugha ya nyumbani kwake. Akifundishwa kuhesabu kwa Kifaransa ambacho hajawahi kukisikia jikoni kwao, anabeba mizigo miwili kwa kichwa kimoja. Kifaransa kinahitajika na atakifikia, lakini atakifikia vizuri zaidi akitoka kwenye lugha anayoijua. Kwa mtoto mhami, kusikia mwalimu akimsalimu kwa lugha yake ni kama kufunguliwa mlango.

Kundi la tatu ndilo linalosahaulika zaidi: miaka 12 hadi 18. Mwili unabadilika kwa haraka, usingizi unabadilika, na hasira inakuja bila kubisha hodi. Akili nayo inaanza kuuliza mambo yasiyoonekana: haki ni nini, kwa nini sisi ndio tunaokimbia, mimi nitakuwa nani. Kijana wa umri huu anaona aibu kuliko mtu yeyote. Kumketisha kwenye benchi moja na watoto wa miaka 7, magoti yakigusa meza, ni kumfukuza bila kumwambia aondoke.

Anapoondoka, kuna wanaomsubiri. Barabara inaendelea hadi Misisi, kwenye mashimo ya dhahabu, ambako mikono ya kijana inapata kazi kabla kichwa chake hakijapata masomo. Makundi yenye silaha nayo yanajua vizuri sana makuzi ya ujana. Yanajua kwamba mvulana wa miaka 15 anataka kuheshimiwa, anataka wenzake, anataka kazi yenye maana. Yanampa vyote hivyo, kisha yanachukua maisha yake. Msichana anasubiriwa na ndoa. Baba aliyepoteza mifugo na shamba anaona mahari kama njia ya kutoka. Lakini sheria ya ulinzi wa mtoto ya Januari 2009 inasema mtoto ni yeyote ambaye hajafika miaka 18, inakataza kumwingiza katika vikosi na makundi yenye silaha, na sheria ya familia iliyorekebishwa mwaka 2016 imeweka miaka 18 kwa ndoa ya mvulana na ya msichana.

Basi shule ikitaka kumshinda bwana wa mashimo na bwana wa silaha, lazima impe kijana kile anachokitafuta kwa njia iliyo safi. Apewe dhamana: asimamie maji ya kunawa, aongoze wadogo kusoma, atunze shamba la shule. Aulizwe maoni yake na ajibiwe kwa heshima. Kwa wale waliopoteza miaka, Kongo ina vituo vya kurekebisha masomo, vinavyojulikana kama CRS, ambapo miaka 6 ya msingi inafupishwa kuwa 3 na mwanafunzi anaketi na watu wa rika lake. Pale vinapopatikana, mzazi asione aibu kumpeleka mtoto wake huko. Pale visipopatikana, hata kundi la jioni la vijana wakubwa peke yao ni mwanzo.

Walimu wengi watajibu, na jibu lao ni la haki. Tangu elimu ya msingi itangazwe kuwa ya bure mwezi wa Septemba 2019, kama Katiba ya 2006 ilivyoahidi, madarasa yamejaa. Kuna walimu wanaofundisha bila mshahara wa serikali. Mtu mwenye wanafunzi 80, kipande cha chaki na tumbo tupu atamweka vipi kila mtoto mbele?

Jibu moja lilipatikana katika hali inayofanana na hiyo. Mwaka 1798 askari wa Ufaransa waliteketeza mji wa Stans huko Uswisi. Mapema mwaka uliofuata, mwalimu Johann Heinrich Pestalozzi alipokea humo watoto wa vita wapatao 80, wengi wakiwa na vidonda na chawa, wengine wakiogopa kila mtu. Hakuwa na vitabu vya kutosha, na msaidizi wake wa nyumba alikuwa mmoja tu. Alianza kwa kuwaosha, kuwalisha na kukaa nao. Kisha aliwafanya wanaojua kidogo kuwafundisha wasiojua kabisa. Baada ya miezi michache vita vilirudi, jengo likageuzwa hospitali ya wanajeshi, na kazi ikakatika. Lakini aliyoyajifunza pale yalienea katika shule za Ulaya. Katika darasa la watu 80, mwalimu si mmoja: wapo wanafunzi kumi ambao wanaweza kushika makundi ya wanane wanane.

Wapo pia wazazi wanaoogopa kwamba kumweka mtoto mbele ni kumfanya mfalme. Wanakumbusha methali: samaki mkunje angali mbichi. Methali ni ya kweli, lakini anayekunja samaki mbichi hutumia mikono taratibu, hatumii nyundo. Mtoto anahitaji mipaka. Wa miaka 4 anahitaji mipaka michache na ileile kila siku. Wa miaka 9 anahitaji kuelezwa sababu. Wa miaka 15 anahitaji kushiriki kuiweka. Heshima haipungui kwa njia hiyo, inaongezeka, kwa maana mtoto anayeheshimiwa anajua heshima ina sura gani.

Ni kweli pia kwamba hakuna mbinu ya mwalimu inayoshinda njaa au risasi. Mtoto ambaye hakula jana hawezi kugawa mawe 12. Viongozi wa sekta na wa eneo, mashirika ya raia, makanisa na misikiti wana kazi yao: usalama wa njia za shule, mishahara ya walimu, na kuhakikisha madarasa yaliyotumiwa na wahami kulala yanapatikana kwa masomo bila kuwatupa nje wahami hao. Kamati za RECOPE zinazolinda watoto vijijini zisikilizwe zinapotoa taarifa juu ya mtoto aliyechukuliwa au anayeozeshwa.

Lakini kuna jambo ambalo halisubiri Kinshasa wala Bukavu. Mtoto mpya anapofika Lulimba, mwalimu anaweza kuongeza maswali matatu juu ya lile la darasa: una miaka mingapi, unaongea lugha gani nyumbani, na unakaa na nani hapa? Kwa majibu hayo atajua kama mbele yake kuna mdogo anayehitaji kucheza, wa kati anayehitaji mawe ya kuhesabia, au kijana anayehitaji kuaminiwa. Mzazi naye anaweza kuuliza jioni, kabla ya taa kuzimwa, mtoto amefanya nini leo, na kusikiliza hadi mwisho. Maswali hayo hayagharimu hata franga moja, na mtoto aliyeulizwa hivyo ana sababu ya kurudi shuleni kesho yake.