Waranti ya Treni

Mwaka 1978 nilipanda treni stesheni ya Bahi kwenda kuanza kidato cha kwanza Mazengo, Dodoma mjini. Nauli sikuwa nayo. Nilikuwa na waranti ya serikali na karanga alizonifungia mama kwenye kitambaa. Baba hakuuza hata mbuzi. Shuleni tulipewa godoro, daftari, uji wa asubuhi, ugali na maharage. Usiku wa prepu mwalimu wa hesabu alipita dawati kwa dawati, na ukikwama alivuta kiti akakaa nawe mpaka uelewe.

Sisemi zamani ilikuwa pepo. Darasa letu la saba tulichaguliwa wawili tu. Wengine walirudi kuchunga na kulima uwele, na wapo waliokuwa na akili kunizidi. Mlango ulikuwa mwembamba mno. Lakini aliyeupita hakuulizwa baba yake ana ng'ombe wangapi.

Ndiyo maana mwaka 2007 nilifurahi kweli. Majengo ya Mazengo yalianza kutumika kama Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana, na mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Dodoma, UDOM, kikafungua milango kule Chimwaga. Mji tuliouzoea kwa vyuo vya Mipango na CBE ukajaa wanafunzi. Bodi ya Mikopo ilikuwapo, vijana wakawa wanasubiri bumu la mkopo, wenye viwanja wakajenga hosteli. Nilidhani sasa mlango umepanuka.

Nilistaafu ualimu 2023. Chuo kimoja, ambacho sitakitaja, kilinitafuta kwa simu. Kilikuwa kinatoa stashahada kwa njia ya mtandao: mtoto anasoma akiwa nyumbani, hahitaji hosteli wala nauli, ada inalipwa kidogokidogo kwa simu. Walitaka mtu anayeaminika vijijini. Kila mwanafunzi niliyemleta, nililipwa shilingi 30,000.

Nikazunguka Mundemu na Chikola. Nilikaribishwa ugali na mlenda kwenye nyumba nilizofundisha watoto wake, na wazazi, wengine hawajui kusoma, walinisikiliza kwa sababu ni Mwalimu. Sikuuliza kwanza kama kozi ile imesajiliwa. Miaka karibu arobaini kazini, na swali hilo sikuliuliza.

Rafiki yangu mmoja, tuliyetahiriwa naye jando moja, aliuza maksai wake wawili wa kulimia. Binti yake alinunuliwa kishikwambi. Mtandao ulipatikana juu ya kichuguu nyuma ya zizi, akawa anapanda pale jioni kusikiliza masomo mpaka bando liishe. Alipokwama alituma swali. Jibu lilirudi lilelile kila mara: ombi lako limepokelewa. Siku moja alinionyesha. Yalikuwa maswali kumi na moja, yameandikwa kwa adabu, yakianza na "Shikamoo Mwalimu". Hakuna mtu aliyeyasoma.

Mwaka uliofuata simu za chuo zikaacha kupokelewa. Tulikwenda na binti mjini kuulizia, tukaambiwa kozi ile haimo kwenye orodha ya kozi zilizosajiliwa na baraza la serikali, NACTVET. Alikuwa amelipa awamu tatu.

Kuna mafunzo ya mtandao yanayofanya kazi. Chuo Kikuu Huria kimefundisha watu wakiwa makwao tangu miaka ya 1990, na walimu wenzangu wamepata shahada huko. Tofauti naijua: pale kazi yako inafika mikononi mwa mtu anayeisahihisha. Kile nilichokipigia debe kilimjua mwanafunzi siku ya kulipa tu.

Mvua za msimu huu zilipoanza nilimkuta rafiki yangu shambani, yeye na mkewe, wanalima kwa jembe la mkono. Nilimrudishia zile 30,000. Alizipokea kwa mikono miwili, akazikunja, akaniuliza kama najua chuo kingine ambacho binti anaweza kuanza Septemba.

Nilimwambia safari hii tutakwenda wote watatu, tukaone darasa, tukaone mwalimu. Kisha nikachukua jembe la mkewe, nikashika mstari wake.