Sifuri Isiyotimia

Kihisi ninachokisanifu kwa tasnifu yangu ya uzamili hupima mwendo wa mstari mnyoofu. Kina koili tatu: ya kati inapewa umeme wa mkondo geu, mbili za pembeni, zilizoungwa zipingane, zinapokea. Ndani yake hupita kiini cha chuma bila kuzigusa. Kikikaa katikati, volti za pembeni zinafutana. Kikisogea hata sehemu ndogo ya milimita, upande mmoja unazidi, na fezi inasema ni upi.

Kwenye kompyuta, modeli yangu inatoa sifuri kamili. Mezani haifiki. Hakuna koili mbili zinazofanana kabisa, hivyo volti kidogo hubaki.

Mama hupiga simu kila Jumapili. "Mwanangu, utasoma mpaka lini?" Mdogo wangu anasubiri ada, maabara inasubiri waya wa shaba. Fedha ya kujikimu ni ile ile moja. Ukiwa katikati, unavutwa sawasawa kutoka pande zote mbili.

Volti inayobaki siifichi. Naipima, naiandika kwenye tasnifu. Mwezi huu nimetuma nusu ya ada, nikanunua nusu ya waya.