Mshono wa Kale, Nakshi Mpya

"Mwacha mila ni mtumwa", walinena wahenga, na walinzi wa mila wakaugeuza msemo huo kuwa kufuli. Lakini je, abadilishaye sura ya mila ameiacha? Vazi la kimono la Wajapani lina jibu lake.

Jina kimono maana yake ni 'kitu cha kuvaa' tu. Jora moja la kitambaa, lenye urefu wa mita 12 hivi, hukatwa vipande vinane vilivyonyooka, kisha vikaungwa. Hakuna mkato unaofuata umbo la mwili. Mvaaji ndiye alikunjaye na kulifunga vazi limkae. Mshono huo umedumu kwa karne nyingi. Nakshi, hata hivyo, hazikutulia.

Chukua mfano wa yagasuri, nakshi ya manyoya ya mshale yaliyopangwa safu kwa safu. Mshale ukishautoka upinde haurudi. Kwa hiyo bibi harusi alipewa vazi la nakshi hiyo, ishara kwamba naye asirudi kwao. Katika enzi ya Meiji (1868-1912) nakshi iyo hiyo ikawa vazi mashuhuri la wasichana waliokwenda shule. Mshale uleule, shabaha nyingine.

Ikaja enzi ya Taisho (1912-1926), na hariri ya bei nafuu iitwayo meisen ikaenea kutoka miji kama Isesaki na Chichibu. Mafundi walizitia rangi nyuzi za mtande kabla ya kufuma, hata kingo za ruwaza zikawa na ukungu mwembamba. Wachoraji wao walitazama sanaa mpya ya Ulaya, kisha wakaipanua mishale, wakaivunja mistari, wakatapanya miraba na pembetatu kwa rangi kali. Wanawake wa kawaida, wakiwemo waliokuwa wakianza kazi za mijini, wakayavaa.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, mavazi ya Kimagharibi yaliisukuma kimono kwenye harusi na sherehe, nayo meisen ikafifia. Hata hivyo, mwaka 2013 serikali ya Japani iliitambua meisen ya Chichibu kuwa sanaa ya jadi.

Hapo ndipo pana funzo. Kilichoonekana usasa jana, leo ni mila ya kulindwa. Lau kufuli lingetiwa mlangoni mapema, warithi wa leo wangekuwa na kidogo zaidi cha kurithi. Mtumwa ni yule aachaye mila. Lakini aitiaye nakshi mpya huenda ndiye mrithi wake wa kweli.