Mbio za Motokaa, na Njia Kuu ya Kamituga

Atokaye Bukavu kwenda Kamituga ana kama kilomita 180 mbele yake. Katika nchi nyingine mwendo huo ni wa asubuhi moja: mtu hunywa chai mjini, akala chakula cha mchana huko aendako. Kwetu sivyo. Sisi tuliondoka Bukavu Jumatano alfajiri, tumeketi juu ya mifuko ya saruji katika lori la Fuso, tukaingia Kamituga Ijumaa usiku, na vumbi la saruji limekwisha kugandamana nywelezi mwetu kwa mvua.

Walungu na Burhale tulizipita bila taabu. Baada ya hapo njia yashuka kuelekea Mwenga, milima yakaribiana, miti yazidi kuwa mikubwa, nayo mvua ya Urega haibishi hodi. Kabla ya kufika Mwenga tulikuta malori kumi na moja yamesimama safu moja, na la mbele limezama matopeni hata magurudumu hayaonekani. Vijana walichimba kwa majembe, wakatupa mawe na matawi, wakasukuma kwa wimbo. Dereva wetu, mzee mwenye mvi, hakushuka hata kutazama. "Mwalimu," alituambia, "katika njia hii hakuna wa kwanza. Wa mbele akikwama, sote tumekwama." Tulikula bugali na sombe kwa mama mmoja aliyejenga kibanda chake pale pale, maana tope linalotuudhi sisi kwake ni soko. Kisha tukajikunyata chini ya turubai.

Ndipo kijana mmoja, fundi wa pikipiki, alipotoa simu yake ili kutupitishia usiku, akatuonyesha mbio za motokaa katika njia za mji wa Chicago, huko Marekani. Zilikuwa mbio za tarehe 2 Julai 1923? Wengine waliuliza hivyo, maana kioo cha simu kilikuwa na nyufa na tarakimu hazikusomeka vema. La, ilikuwa 2023, mwaka wa 75 wa chama kiitwacho NASCAR.

Yafaa tueleze kidogo. Chama hicho kilianzishwa mwaka 1948 huko Daytona Beach, na mwanzilishi wake mkuu alikuwa Bill France. Shabaha yake ilikuwa kushindanisha motokaa za namna ile ile iuzwayo dukani, wala si vyombo vya ajabu vilivyoundwa kwa mbio tu. Mwananchi alitaka kuona gari kama la jirani yake likishinda. Siku hizi gari la mbio hizo lafanana na la dukani kwa sura tu, ndani ni kitu kingine kabisa; lakini jina na desturi zimebaki. Kwa miaka mingi mbio zake kubwa zilikimbiwa katika viwanja vya mviringo, madereva wakizunguka na kuzunguka. Siku ile ya Chicago ndiyo mara ya kwanza mbio za daraja lake la juu kukimbiwa katika njia za mji, penye taa za barabarani na majumba marefu.

Mzunguko wenyewe ulikuwa wa kilomita tatu na nusu hivi, wenye kona 12, ukipita kando ya bustani ya Grant Park na katika barabara ya ziwani. Barabara hiyo tangu mwaka 2021 yaitwa kwa jina la Jean Baptiste Point DuSable, mtu mweusi, Mkatoliki, ambaye katika karne ya 18 alijenga nyumba na kufanya biashara mahali palipokuja kuwa mji huo. Wenzetu juu ya saruji walifurahi mno kusikia hayo, wakasahau motokaa kwa robo saa.

Tena mvua ilinyesha! Ilinyesha mvua kubwa hata njia zikajaa maji, mbio zikachelewa, na mizunguko 100 iliyopangwa ikapunguzwa kwa kuwa giza lilikuwa linaingia. Mshindi alikuwa Shane van Gisbergen wa New Zealand, ambaye hajawahi kukimbia katika daraja lile hata mara moja. Tangu mwaka 1963 hakuna mgeni aliyeshinda siku yake ya kwanza. Lakini ugeni wake ulikuwa nusu tu: huko Australia alikuwa amekwisha kuwa bingwa mara tatu, na kule alikuwa akikimbia mara kwa mara katika njia za miji. Wenyeji walijua kwenda kasi. Yeye alijua kona nyembamba yenye maji. Dereva wetu mzee, ambaye tulidhani amelala, aliguna kwa kuridhika.

Msomaji asidhani mambo haya ni ya ng'ambo tu. Mwaka 1953, kuanzia tarehe 27 Mei, motokaa zilizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika katika mbio za kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II. Nazo zilikuwa motokaa za dukani kweli kweli, zikigawanywa katika makundi kwa bei yake! Baadaye mbio hizo zilifanywa wakati wa Pasaka, msimu wa masika, na matope ndiyo yaliyokuwa mwamuzi. Mwaka 1963 motokaa 84 ziliondoka, zikarudi 7. Mwaka 1968 zikarudi 7 tena. Joginder Singh, Singasinga wa Kenya, alishinda mwaka 1965, na tena 1974 na 1976. Mtu kama huyo angetufaa sana pale Mwenga.

Basi, tulifika Kamituga. Mji huu ni mwana wa dhahabu. Tangu wakati wa Wabelgiji watu huchimba hapa. Kampuni zimekuja na kwenda, na leo wengi wachimbao ni vijana wenye nyundo, patasi na taa kichwani. Mahali pamoja pa kuchimbia paliitwa Detroit, jina la mji wa Marekani uliosifika kwa kuunda motokaa. Tarehe 11 Septemba 2020 mvua kubwa ilijaza maji mashimo ya Detroit yetu, na watu wapatao 50 walifia humo. Mvua iliyochelewesha mchezo wa Chicago ni dada wa mvua hiyo.

Katika mji wa namna hii kijana apataye fedha kidogo hununua pikipiki. Pikipiki hubeba kila kitu: mgonjwa, mbuzi, magodoro, bibi arusi. Na Jumapili alasiri, njia kuu ikiwa kavu, baadhi yao hushindana, kutoka penye maduka hata mteremkoni, kisha kurudi. Watu hupanga safu pande zote mbili. Sisi pia tulikuwa tukisimama hapo. Tuliwajua wengi wao tangu walipokuwa wakikosea hesabu za mgawanyo, na mmoja alipopita wenzake wawili kwenye kona, tulipiga makofi, tukapaza sauti kwa kumtaja jina.

Jumapili moja, kabla ya safari tuliyoisimulia, msichana wa darasa letu la pili alivuka njia na dumu lake la maji. Hatutaki kueleza zaidi. Alipona, lakini mguu wa kushoto haukunyoka, naye huja shuleni kwa fimbo. Kijana aliyemgonga aliuza pikipiki yake ili kulipa matibabu, akarudi mashimoni. Watu walimlaumu yeye peke yake. Hakuna aliyewalaumu waliopiga makofi.

Ndiyo sababu, usiku ule katika simu yenye nyufa, hatukuangalia sana magari. Tuliangalia ukuta. Pande zote za mzunguko wa Chicago palikuwa na vipande vya saruji vimepangwa mfululizo, na juu yake wavu wa chuma, hata gari likiteleza na kugonga, watazamaji hawaguswi. Njia ilifungwa siku nyingi kwa kazi hiyo, wenyeji wakanung'unika sana. Mbio hizo zilifanyika miaka mitatu, 2023 hadi 2025, kisha kwa mwaka 2026 hazikupangwa. Kumbe huko kuifanya njia iwe uwanja ni kazi kubwa na ya gharama, tena kwa muda tu, kwetu yatosha mtu mmoja kusema "Haya!"

Tuliporudi tuliwaita vijana wa pikipiki, nao walikuja, jambo ambalo hatukulitazamia. Tuliwaambia kwamba uwanja wa mpira una nafasi ya kuzunguka, na kwamba kamba na miti si ghali. Wengine walicheka, wakisema uwanjani hapana kona ya maana. Mmoja alitaka kujua nani atalipa kamba. Mwingine, mkubwa wao, alikaa kimya muda mrefu, kisha akauliza kama sisi tutasimama kwenye lango kuzuia watoto. Tulisema ndiyo. Hayajakwisha, wanashauriana bado.

Kesho yake darasani tuliwasimulia watoto habari za Chicago, pamoja na DuSable na mvua. Msichana yule aliinua mkono. "Mwalimu, njia ikifungwa hivyo, watoto wa kule wanapita wapi na maji?"

Tulimjibu kwamba kule maji hufika nyumbani kwa bomba. Alifikiri kidogo, akaandika neno hilo katika daftari lake.