Moshi wa Motokari na Pumzi ya Jirani



Motokari ya zamani hupendwa kwa umbo lake, rangi yake na mngurumo wake. Ikipita njiani watu hugeuza shingo. Lakini ni wachache wanaofikiri juu ya kitu kinachotoka nyuma yake, yaani moshi. Leo nataka kuwasimulia kazi moja niliyoifanya California, Marekani, nilipo fundi wa motokari. Kazi ile ilinifundisha mengi juu ya amri ya mapendo.

Mzee mmoja aliniletea MGB ya mwaka 1976, motokari ndogo ya watu wawili, iliyotengenezwa Abingdon, Uingereza. Ilikuwa ya ndugu yake marehemu, na kwa sababu hiyo aliipenda mno. Ilikuwa imelala miaka mingi. Vyombo vyake vya kusafisha moshi vilikuwa vimekwisha: pampu ya hewa imeshikwa na kutu, mipira imepasuka, katalizeri imeziba. Motokari haikuwa na nguvu mlimani, na kila nilipoondoa mguu juu ya kanyagio la esansi, bomba lilipiga mshindo kama bunduki.

Mzee akasema: « Mwanangu, toa vyote, utupe. Rafiki zangu wametoa, na motokari zao zaenda kama upepo. »

Yafaa kwanza tujue vyombo hivyo vilitoka wapi. Zamani mji wa Los Angeles ulifunikwa na ukungu mchafu uliochoma macho na vifua vya watu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, mtaalamu mmoja mzaliwa wa Uholanzi, Arie Haagen-Smit, alionyesha kwamba ukungu ule ulizaliwa na moshi wa motokari na wa viwanda ukipigwa na jua. Mwaka 1970 Marekani ikaweka sheria kali juu ya hewa, na tangu motokari za mwaka 1975 katalizeri ikaenea.

Katalizeri ni chombo cha chuma. Ndani yake mna matundu madogo mengi kama sega la nyuki, yaliyopakwa madini ya thamani, kama platini na paladi. Pampu ya hewa yasukuma hewa safi ndani ya moshi; moshi ukipita katika matundu hayo ukiwa na moto sana, esansi isiyoungua pamoja na sumu iitwayo monoksidi ya kaboni hugeuka kuwa maji na dioksidi ya kaboni, ileile tunayoitoa tukipumua. Sumu ile ya kwanza haina rangi wala harufu. Yaweza kumwua mtu ndani ya nyumba iliyofungwa, naye asijue.

Basi, sheria ya California haiziiti tena kupimwa moshi motokari za mwaka 1975 na za kabla yake. Za 1976 zapimwa kila miaka miwili. Mzee akalalamika: « Mwaka mmoja tu! Ingalikuwa ya 1975, nani angaliniuliza? » Tena mtu mmoja alikuwa amemshauri atoe vyombo vyote, avifiche sandukuni, avirudishe siku ya kupimwa tu. Mwingine alikuwa tayari kumwuzia cheti cha uongo.

Nikamjibu kwa heshima: « Mzee, mpimaji atakuona siku moja katika miaka miwili. Siku zilizobaki watakaokutana na moshi wako ni jirani zako na watoto wao. Wao hawana mashine ya kupimia. Wana mapafu tu. » Nikamwambia pia kwamba mimi sitaitengeneza kwa njia ya uongo, hata akipeleka kazi kwa fundi mwingine.

Akanyamaza. Bei ya kuweka vyombo vipya ilikuwa kubwa, naye hakuwa tajiri. Akaenda zake, nami nikadhani nimempoteza. Baada ya juma moja akarudi, akasema neno moja: « Fanya. »

Nikaondoa katalizeri ya zamani, nikaweka mpya yenye namba ya ruhusa ya serikali. Nikabadili pampu, mkanda wake, mipira yote na vali zake, nikarekebisha kabureta. Motokari ikapimwa, ikapita. Na tazameni: nguvu zikarudi! Mwizi wa nguvu alikuwa ule uchakavu, kwa maana bomba lililoziba laikaba motokari kama mtu aliyezibwa pua. Watu walikuwa wamelaumu sheria bure.

Wapenzi, huku kwetu Kongo motokari nyingi zafika zikiwa zimekwisha kutumika ng'ambo. Wako watu wanaokata katalizeri ili wauze madini yake, kisha wanaunga bomba tupu. Zamani waliweza kusema kwamba risasi iliyomo katika esansi yaiharibu katalizeri, na ilikuwa kweli. Lakini nchi za Afrika kusini ya Sahara ziliacha esansi yenye risasi tangu mwanzo wa mwaka 2006. Udhuru ule umekwisha. Mwenye motokari aulize fundi: « Umeondoa nini? » Na fundi mkristo asikubali kukata kilicho kizima.

Marehemu Papa Fransisko, katika barua yake Laudato si' ya mwaka 2015, alitaja moshi wa vyombo vya safari kati ya mambo yanayodhuru afya ya watu, akakumbusha kwamba maskini ndio wanaoumia zaidi. Twajua ni kweli. Tajiri hupita na madirisha yamefungwa. Mama auzaye mihogo kando ya njia ndiye anayevuta moshi tangu asubuhi hata jioni, na mtoto wake mgongoni. Huyo ndiye jirani yetu. Mapendo kwake yaanza hata nyuma ya motokari, mahali ambapo dereva hatazami.