Choki ya Moto

Likizo iliyopita nilifanya mazoezi ya kichungaji katika parokia yenye Land Rover Series III, zile zilizotengenezwa kati ya 1971 na 1985. Ni ya petroli, ina choki ya kuvuta kwa mkono, na Paroko anaipenda kuliko anavyokubali kusema. Kwa kuwa baba yangu ni fundi magari, nikakabidhiwa mimi.

Wiki ya pili ikaanza kugoma asubuhi. Ukipiga stata, injini inajivuta mara moja, kisha kimya. Mchana, ikiwa bado na joto, inawaka. Nikasema beteri inamalizwa usiku. Na nani? Babu mlinzi ndiye aliyekuwa na ufunguo, na siku moja nilimkuta amekaa ndani ya gari akikwepa mvua. Nikamwambia Paroko kwamba Babu anachajia simu humo.

Ushahidi wangu ulionekana kamili. Tulipobusti kwa gari la mwalimu wa kwaya, nilibana waya hasi kwenye chuma cha injini, na gari likawaka papo hapo. Basi beteri ndiyo iliyoisha! Babu akanyang'anywa ufunguo, akawa analindia chini ya mwembe hata mvua ikinyesha. Alijitetea kwa sentensi moja: "Frateri, simu yangu ni kitochi, chaji inakaa wiki nzima." Sikuona kwamba hiyo nayo ni hoja.

Usiku mmoja ukaja wito wa mgonjwa. Gari likagoma. Paroko akaondoka kwa bodaboda, mafuta matakatifu mfukoni, nami nikabaki napiga stata kwa hasira. Nilipogusa choki nikaruka: ilikuwa ya moto. Lakini waya wa choki ni wa kuvuta tu, hauna kazi yoyote ya umeme.

Asubuhi nikaazima mita. Beteri ikiwa imetulia ilisoma volti 12.6, yaani imejaa. Nikaweka ncha moja kwenye kichwa hasi cha beteri na nyingine kwenye injini, katekista akapiga stata. Hapo hata nusu volti ni nyingi. Mita ikasoma 7. Injini hukaa juu ya raba, kwa hiyo umeme wa stata hurudi kwenye chasisi kwa utepe wa shaba uliosukwa. Wetu ulikuwa umekatika nyuzi nyingi, bolti yake imeliwa na kutu. Umeme ulikuwa umejitafutia njia nyingine, kwenye waya wa choki. Na siku ile ya kubusti, kwa kubana injini, mimi mwenyewe niliuruka ule utepe mbovu bila kujua. Gari lingewaka vilevile hata beteri ikiwa nzima, kama ilivyokuwa.

Utepe mpya, bolti mpya, msasa kidogo: dakika 40. (Mtihani wa mantiki nilifaulu vizuri. Naomba mwalimu wangu asifike aya hii.)

Kumwendea Babu kulinichukua hadi jioni.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, Frateri."

Nikamweleza yote, hata ya mita, ambayo hakuyauliza. Akanisikiliza, kisha akauliza kama Paroko anajua. Nikasema bado.

"Basi anzia huko. Huko ndiko uliponitaja."

Nikaenda kugonga mlango wa Paroko, grisi bado ikiwa mikononi.