Furushi la Bibi

Msomaji wangu, nimerudi. Nilikuwa nyumbani Ngenge, wilayani Muleba, mkoani Kagera. Kwa wasiopajua, Ngenge si ile Kagera ya kwenye picha, yenye migomba iliyofungamana mpaka mlangoni. Kwetu ni bondeni. Kuna joto, kuna ng'ombe, na vumbi lake halimwonei haya mtu aliyekuja na shati jeupe kutoka Dar es Salaam.

Nilikwenda kumsalimia Bibi, mzaa baba. Siku ya pili, tukiwa uani tunamenya ndizi, aliniuliza swali ambalo limenifuata mpaka huku mjini. Lakini ili ulielewe swali lenyewe, inabidi nianze na furushi lake.

Tangu nipate akili, kuna furushi la kitenge limening'inia kwenye msumari nyuma ya mlango wa chumba cha Bibi. Ndani yake kuna kiberiti kilichofungwa vizuri kwenye plastiki, chumvi, tochi, kanga mbili, noti ndogondogo, vyeti vya kuzaliwa na kadi za kliniki. Kila baada ya muda hulifungua, akabadilisha betri, akalifunga tena. Sisi wajukuu tulikuwa tunacheka: "Bibi, safari ya wapi leo?"

Safari yenyewe aliwahi kuifanya. Oktoba 1978, majeshi ya Idi Amin yalipovuka mpaka na kulikalia eneo la kaskazini ya Mto Kagera, Bibi alikuwa mama kijana mwenye watoto wawili, akiishi upande wa Kyaka. Walikimbia kwa miguu kuelekea kusini. Anasema walibeba godoro wakasahau chumvi! Lakini hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba yeye alidhani mtoto mkubwa yuko na Babu, na Babu alidhani yuko na yeye. Walipokutana usiku, mtoto hayupo. Walimtafuta siku mbili, wakamkuta na familia nyingine ya wakimbizi, anakula, hana habari. Mtoto huyo ndiye baba yangu mzazi.

Tangu hapo nyumbani kwa Bibi kuna sheria moja: kila mwenye nguvu ana mtu wake. Likitokea la kutokea, usiulize vitu, mchukue mtu wako. Mimi nilipewa mdogo wangu wa kike.

Sasa sikiliza. Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016, saa 9 na dakika 27 alasiri, nilikuwa sebuleni nasikiliza redio. Mdogo wangu, miaka minne, amelala chumbani. Nilisikia mngurumo kama lori linapita nyuma ya nyumba, na kwetu nyuma ya nyumba hakuna barabara. Kisha bati likaanza kulia, vumbi likashuka toka ukutani, redio ikaanguka. Nikakimbia. Mlangoni nilipishana na Bibi. Mimi natoka, yeye anaingia.

Alitoka na mtoto mgongoni. Furushi alikuwa ameliacha palepale kwenye msumari.

Hakunigombeza. Aliniambia tu, "Ulikuwa na mtu wako." Basi. Nilikuwa na miaka 17, na mpaka leo sijawahi kusikia maneno mazito kuliko hayo.

Tetemeko lile lilikuwa la ukubwa wa 5.9. Kwetu Ngenge tuliachiwa nyufa na hofu. Bukoba na Missenyi hali ilikuwa mbaya zaidi: zaidi ya watu 15 walikufa, nyumba nyingi zilianguka, na Shule ya Sekondari Ihungo iliharibika kiasi kwamba ilibidi ijengwe upya. Watu walilala nje siku kadhaa, maana ardhi ilikuwa bado inatikisika kidogokidogo, na nyumba yenye ufa haiaminiki.

Leo mimi ni mwandishi wa habari. Nakwenda kwenye mafuriko, nakwenda kwenye moto, nawauliza wakubwa kwa sauti kavu kabisa, "Mmejiandaaje?" Jioni narudi kwenye chumba changu cha kupanga. Hebu nikupe ripoti yake. Mlango ni mmoja. Dirisha lina nondo za kuzuia wezi, kwa hiyo moto ukianzia mlangoni, nondo hizohizo zitanizuia mimi. Na mtungi wa gesi uko wapi? Mlangoni. Ufunguo wa kufuli la grili naficha mahali ambapo hata mimi hunichukua dakika tatu kuupata. Namba zote za ndugu zangu ziko ndani ya simu, na simu saa nne usiku ina chaji kidogo kama imani yangu kwa umeme wetu. Maji ya akiba, nusu ndoo.

Huyo ndiye anayewauliza wengine!

Bibi yeye hajasimama kwenye 1978. Januari 2025 ilipotangazwa kwamba kuna Marburg wilayani Biharamulo, majirani zetu kabisa, alielewa haraka kuliko mimi kwamba sheria yake inahitaji nyongeza. Ugonjwa ule huambukizwa kwa kugusa majimaji ya mgonjwa au ya maiti. Kwa hiyo siku hiyo kumpenda mtu wako ni kumtenga, kunawa mikono, na kupiga 199, namba ya Wizara ya Afya, badala ya kumbeba mgongoni. Aliniomba nimwandikie namba hiyo kwenye karatasi kwa herufi kubwa, pamoja na 114 ya zimamoto na 112 ya polisi. Karatasi imeingia kwenye furushi. Karatasi haiishiwi chaji.

Sasa swali lake. Goti la Bibi limeharibika, anatembea na mkongojo. Siku ile uani aliacha kumenya, akanitazama.

"Waitu, mjukuu wangu, mimi ni mtu wa nani?"

Nilitafuta jibu la kisomi. Kabla sijalipata, mdogo wangu, ambaye sasa ni binti wa sekondari na ndiye anayeishi naye, akajibu bila hata kuinua kichwa: "Ni wangu." Yule niliyemkimbia!

Tukakaa tukapanga. Yeye atamshika Bibi, kijana wa jirani atasaidia upande wa pili, wote wakutane chini ya mwembe, mbali na ukuta. Mimi niliye mbali nitakuwa mtu wa kupigiwa, kila mmoja aniambie yuko wapi, ili asipotee mtoto kwa kudhaniana.

Nimerudi Dar, ufunguo nimeutundika kwenye msumari pembeni ya mlango, mtungi nimeuhamisha, na nimebisha hodi kwa jirani yangu mwenye watoto wawili kumuuliza usiku anapokuwa kazini wanabaki na nani. Alishangaa kidogo, kisha akakaa kimya muda mrefu.

Na wewe msomaji, mtu wako ni nani? Na je, yeye anajua?